Kibuyu cha Mama Juu ya Kabati

Sipendi kupamba sebule. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba anayeandika haya alikuwa amesimama juu ya ngazi akitundika nyota. Kwa muda wote wa ndoa yetu kazi hiyo aliifanya mke wangu, nami niliketi kwenye kiti changu karibu na dirisha, nikisoma gazeti na kuinua miguu pale ufagio ulipopita. Mwaka huu mke wangu hayupo. Alifariki wakati wa masika, na ilipofika Desemba niligundua kwamba hata kuketi na kuinua miguu ni kazi, kama hakuna anayekuambia uinue.

Nyumba yetu iko Sokon One, hapa Arusha. Mwanangu wa mwisho alihamia kwangu na mke wake baada ya msiba, ili nisibaki peke yangu na milango. Mwanangu huendesha magari ya watalii, na mwezi huo kwake si wa mapumziko hata kidogo. Alikuwa mbugani na wageni, akipiga simu pale mtandao uliporuhusu. Kwa hiyo sebule iliangukia mikononi mwa mkwe wangu, binti wa watu wa Kilimanjaro, mzaliwa wa Moshi mjini, ambaye wazazi wake wanauza vitambaa. Ni mchapakazi, naye ana heshima. Alikuja akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, akaniuliza:

"Baba, mama alikuwa anaanzia wapi?"

"Kwenye sanduku," nikamjibu.

Sanduku ni la bati, na liko chini ya kitanda changu. Ndani yake mke wangu alihifadhi vitu ambavyo hutolewa Krismasi tu: vitambaa vya kufuma vya viti, picha ya wazazi wangu katika fremu yake, saa ya ukutani ya baba isiyofanya kazi, na kengele ya ng'ombe inayotundikwa juu ya mlango. Kuhusu kengele hiyo, wajukuu wamesimuliwa kwamba ilivaliwa na fahali aliyemuua chui. Mimi nilikuwepo. Ilivaliwa na beberu, na chui sikumwona. Nilikuwa hakimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia mashahidi waseme walichokiona kwa macho yao, si walichoambiwa na shemeji. Tabia hiyo haikuisha nilipostaafu. Mke wangu alizoea kuniambia kwamba ningeishi vizuri zaidi kama ningeacha fahali awe fahali.

Kitu kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, hakikukaa kwenye sanduku. Kilitundikwa kwenye msumari wa stoo, na Krismasi kiliwekwa juu ya kabati la vyombo, katikati ya kitambaa cheupe cha mviringo ambacho mke wangu alikifuma kwa kipimo chake. Ni kibuyu cha maziwa cha mama yangu mzazi, chenye mkanda wa ngozi, shanga shingoni na kifuniko cha ngozi. Kwenye ukoo inaaminika kwamba bibi yangu alikivusha kutoka upande wa pili wa mlima wakati wa njaa, mtoto mgongoni na kibuyu kifuani. Ni hadithi nzuri. Tatizo ni kwamba mimi nilikiona kibuyu hicho kikiwa bado kwenye mmea, kijani kabisa, kikining'inia kwenye ua wa zizi letu, nami nikakatazwa kukigusa. Sikuwahi kulisema hili mbele ya wageni wa mke wangu. Alikuwa akiisimulia hadithi ya bibi vizuri mno.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu sisi Waarusha halihitaji maelezo. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Husuguliwa ndani kwa ufito wenye singa za mkia wa ng'ombe; kisha kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, mti ambao tunauita oloirien, huingizwa ndani, hupondwapondwa na kutikiswa mpaka kuta za ndani ziwe nyeusi na kibuyu kinuke moshi. Weusi ule ndio usafi wake. Maziwa hukaa humo, hulala, huamka yakiwa na ladha ambayo mtu hawezi kuisahau. Kibuyu kilichopoteza harufu hiyo tunasema kimekufa, na kibuyu kilichokufa ni pambo tu.

Dada yangu mkubwa, anayeishi Nduruma, ndiye aliyekirithi. Alimpa mke wangu miaka mingi iliyopita kwa sababu, kama alivyosema, mke wangu alikuwa na mkono wa kukitunza. Siku tulipomaliza msiba, watu wakiwa bado wamekaa chini ya turubai, dada aliinuka na fimbo yake, akasema mbele ya wote:

"Kibuyu cha mama kitabaki hapa mpaka Krismasi. Nitakuja kukinusa mwenyewe. Kikiwa hai, kitabaki. Kikiwa kimekufa, naondoka nacho."

Hakuna aliyebisha. Dada yangu habishiwi. Lakini tangu siku ile nilijua ninachokitaka kwenye sikukuu hii, nacho kilikuwa kimoja tu: kwamba kibuyu kiwe mahali pake, juu ya kitambaa kile cheupe, kama mke wangu alivyokiweka. Mengine yote, maputo, karatasi za kung'aa, tawi la mti lililochomekwa kwenye ndoo ya mchanga, yangeweza kuwepo au kutokuwepo.

Asubuhi moja, sikukuu ikiwa imekaribia, mkwe wangu aliniita ua wa nyuma. Mlima ulikuwa wazi, bila wingu, na jua lilikuwa limeshika kibaraza. Juu ya gunia safi alikuwa amepanga vitu vya sanduku: saa imefutwa vumbi, kengele imeng'arishwa, vitambaa vimefuliwa na kutiwa wanga. Mwisho wa mstari kibuyu kilikuwa kimeinamishwa, mdomo chini, kinadondosha maji.

"Nimekisugua kwa mchanga, baba," alisema kwa furaha, "halafu sabuni, halafu nikakilaza na maji ya limau usiku kucha. Kilikuwa cheusi tii ndani! Nadhani mama alipoanza kuugua hakupata nafasi. Bibi yangu kule kwetu akikuta kibuyu cha mbege kina weusi, hakwambii neno. Anakutazama tu, mpaka unatamani ardhi ipasuke."

Nilikichukua. Nikatazama ndani. Kilikuwa cheupe kama mfupa. Nikanusa, nikapata harufu ya limau.

Nilitafuta pa kukaa, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nani alikuambia ukioshe?" nikauliza.

"Hakuna aliyeniambia, baba."

"Na nani alikuambia usikioshe?"

Furaha ikamtoka usoni. "Hakuna," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini shangazi alisema atakuja kukinusa. Nami nikasema, akija kukinusa, asikute kinanuka."

Nimesikiliza utetezi wa aina nyingi. Huu ulikuwa na mantiki kamili. Kwao kibuyu ni cha mbege, pombe ya ndizi, na kibuyu cha mbege husuguliwa mpaka kitakate. Angekiacha cheusi, bibi yake angemwona mvivu. Alikifanyia kibuyu cha mama yangu kile ambacho angekifanyia cha bibi yake. Nikamweleza habari za moshi. Alisikiliza akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Shangazi atakichukua," alisema.

"Atakichukua."

"Atasema nimekiua."

"Atasema hivyo, ndiyo."

"Sasa, baba, tunafanyaje?"

Nilitaka kumwambia kwamba hatufanyi chochote. Nilikuwa nimechoka, na si uchovu wa siku ile. Kuna uchovu wa mtu ambaye amesimamia mazishi, amesaini karatasi, amegawa nguo, amejibu pole za watu, na sasa anaambiwa aokoe kibuyu. Lakini nilikitazama kile kitambaa cha mviringo, kilichotiwa wanga na kuanikwa kwenye kamba kikisubiri kitu cha kukikalia, nikaenda kuvaa viatu.

Sokoni, kwenye kona wanapokaa akina mama wanaouza mizizi na magome, mmoja wao aliniona kabla sijafika.

"Karibu mzee! Dawa ya magoti hii, ya kifua hii, ya usingizi hii hapa."

"Nataka oloirien."

"Ya mswaki au ya kibuyu?"

"Ya kibuyu."

Aliangua kicheko, akamgonga jirani yake begani. "Mzee anafukiza kibuyu mwenyewe! Mama yuko wapi?"

"Tulimzika wakati wa masika."

Kicheko kikakatika. Akanipa pole kwa Kimaa, kama inavyostahili, kisha akanichagulia kijiti kinene. Nikakigeuza. Nikamuuliza kimekatwa wapi.

"Wanasema kimetoka huko juu, kwenye..."

"Wanasema akina nani?"

"Mume wangu ndiye anayekata."

"Ulimwona akikata?"

"Mzee, wewe ni polisi?"

"Nilikuwa hakimu."

"Ndiyo maana! Hununui, unahoji." Akachukua kisu, akakwangua gome, akanisogezea puani. "Haya, shahidi huyo. Muulize mwenyewe."

Nilinusa. Ilikuwa oloirien kweli. Nikanunua fungu zima.

Tulifanya kazi hiyo nyuma ya jiko, mimi na mkwe wangu, kwenye jiko la mkaa. Sikuwahi kuifanya, kwetu ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana anaifanya watu humuuliza kama nyumbani kwake kuna mgonjwa. Nilichokuwa nacho ni kile tu nilichokiona nikiwa mtoto, nimechuchumaa kando ya mama. Nikasubiri kijiti kishike moto kisawasawa, nikakipuliza, nikakiingiza, nikaponda, nikafunika, nikatikisa. Moshi ulinipata machoni na kifuani. Nilikohoa hadi jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta kuuliza kama kuna moto.

"Baba," alisema mkwe wangu, ambaye alikuwa akinitazama muda mrefu bila kuthubutu, "unakitikisa kama chupa ya dawa."

"Nilimwona mama akifanya hivi."

"Ukiwa na umri gani?"

Nikampa kibuyu. Alikishika shingoni kwa mkono mmoja na tumboni kwa mwingine, akakizungusha taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala, na nikasikia makaa yakisaga kuta za ndani kwa sauti ileile niliyoikumbuka. Tangu hapo yeye ndiye aliyetikisa, mimi nikawa mtu wa kupuliza. Tulirudia asubuhi na jioni. Weusi ulianza kurudi, kwa shida, kwa mabaka. Harufu ya moshi ilikuja. Chini yake, kila niliponusa, limau lilikuwa bado linaningoja.

Kisha tukapamba. Mkwe wangu alitundika kengele juu ya mlango, akavalisha viti vitambaa vyake, akazungusha kwenye tawi taa ndogo zinazowaka na kuzima, ambazo zina kikasha kinachotoa wimbo usio na mwisho na ambacho hakuna ajuaye namna ya kukizima. Mwisho kabisa nikakiweka kibuyu mwenyewe juu ya kitambaa cha mviringo. Kilitoshea, kama kawaida yake. Nikarudi kwenye kiti changu, na kwa kitambo kidogo sebule ikafanana na sebule yangu.

Dada alifika kabla ya mkesha, mchana, akiwa na ndizi, kidumu cha maziwa ya ng'ombe wake na fimbo. Macho yake yameingia ukungu, lakini anatembea kama mtu anayedaiwa na njia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, hakimu. Umekonda."

"Na wewe umekonda."

"Mimi nimezeeka. Wewe umekonda." Akakaa, akatega sikio. "Nani huyo anaimba humu ndani kama mbu?"

"Ni taa, shangazi," alisema mkwe wangu, aliyekuwa amepiga goti kumsalimu. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Taa zinaimba?"

"Ni za kisasa."

"Ziambie zinyamaze, nimekuja kunusa, siyo kusikiliza."

Mkwe wangu akakifunika kikasha kwa mto wa kiti. Kikaendelea kuimba chinichini. Nikaenda kabatini, nikakitoa kibuyu, nikamwekea dada mapajani. Alipapasa shanga, moja baada ya nyingine, akapapasa mkanda, akafungua kifuniko. Akainamisha uso. Alikaa hivyo muda mrefu, na mimi, niliyewasimamisha watu wengi wakisubiri neno langu, nilisimama pale kama wao.

"Limau," alisema dada.



"Ni mimi, shangazi," mkwe wangu akasema. "Nilikiosha. Sikujua. Kwetu tunaosha."

"Nasikia kimefukizwa pia. Nani kafukiza?"

"Mimi... na baba."

"Baba yupi?"

"Baba huyu."

Dada aligeuza uso wake upande wangu. Kwanza mabega yake yalitikisika, halafu tumbo, halafu akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mdogo wangu kafukiza kibuyu! Mama, amka uone! Aliyekuwa anakimbia moshi wa jiko akisema utamharibia daftari!" Alipotulia, alimwelekea mkwe wangu kwa sauti nyingine, ya kufundisha. "Unajua hiki kimetoka wapi? Bibi yetu alikibeba kifuani, kutoka upande wa pili wa mlima..."

Nadhani ni uchovu ulionifanya niseme. "Dada, kibuyu hiki kilitoka kwenye ua wa zizi. Nilikiona kwa macho yangu."

"Ulikiona?"

"Kikiwa kijani."

"Vilikuwa vingapi kwenye ua ule?"

Sikuwahi kuvihesabu.

"Mama alipanda ua mzima," alisema. "Alikausha vingi, vingine vikapasuka, vingine akawapa watu. Wewe uliona kibuyu, hakimu. Nani alikuambia kwamba uliona hiki?"

Hakuna wakili aliyewahi kunifanyia hivyo katika maisha yangu yote ya kazi.

Dada akafunga kifuniko. "Hakijafa," alisema. "Kinaumwa. Na kitu kinachoumwa hakikai sebuleni kama mgeni. Ama naondoka nacho Nduruma, kikae karibu na ng'ombe, ama kinakwenda jikoni leo hii, kinatiwa maziwa, kinafukizwa, kinatiwa tena. Kila siku, siyo Krismasi kwa Krismasi."

"Mahali pake ni pale juu," nikasema. "Mke wangu alikifumia kitambaa."

"Najua. Alinionyesha akikifuma. Na ni yeye aliyeniambia kwamba kila ulipokwenda kwenye vikao vyako vya kanisa, alikitoa stoo akakitia maziwa. Wewe ulidhani kinakaa kwenye msumari mwaka mzima kisife?"

Kwa kanuni nilizozitumia maisha yangu yote, maneno hayo hayapokelewi: aliyeyasema amekufa, na anayeyaleta ana maslahi katika shauri. Sikuyapokea, wala sikuyakataa. Nilikitazama tu kitambaa cheupe juu ya kabati, chenye alama hafifu ya duara katikati, mahali ambapo uzito ulikuwa umekaa, na nikaona kwamba hukumu imeshatolewa na haikuwa yangu. Kama ningetaka kibuyu kibaki nyumbani mwangu, ilibidi kiondoke sebuleni mwangu.

"Kiende jikoni," nikasema.

Dada hakushukuru. Alimgeukia mkwe wangu. "Utanunua maziwa kwa mwenye ng'ombe. Ya pakiti sitaki kuyasikia."

"Ndiyo, shangazi."

"Asubuhi, kabla ya chai."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ukichoka?"

Binti alifikiri kidogo. "Nitachoka, shangazi."

"Haya," alisema dada, akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. "Anayesema hatachoka simwachii."

Wakaenda jikoni pamoja na kile kidumu. Nilibaki kwenye kiti changu nikiwasikia: dada akikaripia, binti akicheka, mara maji, mara kijiti kikikwangua. Taa ziliendelea kuimba chini ya mto. Sikuinuka kuzigusa.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, mwanangu alipiga simu kutoka mbugani akauliza sebule imependezaje. Nilimwambia ipo. Mkwe wangu akaja na bilauri ya maziwa ya mgando, akaniwekea mezani, akabaki amesimama. Kisha akatazama juu ya kabati.

"Baba, niweke maua pale? Panaonekana patupu."

"Paache."

Dada, aliyekuwa ameketi mkabala nami, alisubiri ninywe kwanza.

"Yakoje?"

Niliyashika mdomoni ili niwe na uhakika na ninachokisema. Moshi ulikuwepo, wenyewe kabisa, ule wa nyumbani kwa mama. Nyuma yake kidogo palikuwa na limau.

"Yana limau," nikasema.

"Najua. Kunywa."

Nikanywa, nikayamaliza.